Historia ya Dative Kankindi, Pamoja na Ukurasa wa Jerikani

Ndugu zetu mliovuka kutoka Goma kwa miguu asubuhi hii, ndugu wa Karagwe mliosafiri siku mbili, majirani wa Nengo, wazee wa Bugeshi, watu wa maabara na watu wa kanisa, mimi naitwa Ngoga, ni mdogo wake marehemu, fundi wa majokofu pale Rubona, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu kwa Kiswahili, ili kila aliyekuja asikie, maana Kinyarwanda kingewaacha hawa na Kifaransa kingewaacha wale, na mimi mwenyewe Kifaransa kingeniacha.

Kabla sijaanza niseme jambo moja wazi, kwa sababu mambo ya chini kwa chini siyawezi. Jana jioni tulikaa kikao, ikaamuliwa kwamba habari ya jerikani isisomwe hapa, kwamba ni aibu ya marehemu na aibu haizikwi mbele za watu, ikaandikwa nakala nyingine isiyo na habari hiyo, karatasi mbili safi za kompyuta, ninazo hapa mfukoni na mfukoni zitabaki. Ninayoisoma ni daftari hili, ambalo marehemu aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kitandani mwezi wa tisa mwaka huu, kila hatua na tarehe yake, na mliofanya kazi naye mnamjua, katika daftari lolote la maabara nafasi iliyobaki wazi aliipigia mstari wa kalamu kutoka kona hadi kona, ili mtu asije baadaye akachomeka kitu ambacho hakikutokea, nawaona wanafunzi wake mnatazamana, mlikemewa kwa hilo. Daftari hili zima lina mistari hiyo, isipokuwa mahali pamoja, ambapo aliandika tarehe tu, akaacha mistari sita mitupu chini yake, na hakuipigia kalamu. Tutafika hapo. Shemeji Bahizi, usinivute koti, nimesema tutafika.

Dative Kankindi alizaliwa tarehe 3 Mei 1969, Nkwenda, wilaya ya Karagwe, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Sebahire, mfugaji, na mama Libérata Mukabaranga, wote wawili wakimbizi kutoka Rwanda, na wote wawili wametutangulia. Nyuma ya nyumba yetu mama alipanda umuravumba, ule mmea wenye majani yanayonata vidoleni na kunuka hadi kesho yake, na mwaka 1978, nilipokuwa na miaka minne, kikohozi kilinibana hadi nikawa wa bluu, mama akachuma majani, akayaponda, akanishika pua nikanywa, na Dative wa miaka tisa alisimama mlangoni na kikombe cha maji, akauliza, "Mama, ndani ya jani hili ni nini hasa kinachofanya kazi?", mama akamjibu, "Ni jani. Lete kikombe." Nilipona, lakini jibu lile halikumtosha, aliishi miaka arobaini na mitano mingine akitafuta lililo bora zaidi.

Alisoma shule ya msingi Nkwenda kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akafaulu wa kwanza, akajiunga na sekondari ya wasichana mjini Bukoba mwaka 1984 hadi 1987, kisha akachukua mafunzo ya ufundi wa maabara Mwanza, akapata cheti chake tarehe 30 Novemba 1989. Mimi kwa upande wangu niliishia darasa la sita, nilimrudishia mwalimu chaki aliyonirushia, na ikampata, yaliyobaki nimejifunza kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga, hadi siku nilipoweza. Nalitaja hili kwa sababu marehemu ameliandika hapa, "Ngoga, fundi, alijifundisha mwenyewe", na kumtaja ndugu yake fundi kwenye historia yake yeye msomi, hilo ni jambo nililolisoma juzi mara tatu.

Alifanya kazi katika zahanati ya Nkwenda tangu Januari 1990, akipima damu na makohozi kwa hadubini moja yenye kioo kilichopasuka, hadi Desemba 1994, familia yetu iliporudi Rwanda, nchi ikiwa katika hali ambayo kila mmoja hapa anaijua na hakuna haja ya kuisimulia leo, tukafikia hapa Gisenyi, mtaa wa Nengo. Tarehe 1 Machi 1995 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha bia kule Rubona, mwanzo akiosha chupa za vipimo, baadaye akipima mwenyewe, na mwaka 1998 akaenda Butare kusoma kemia chuo kikuu, akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote wa darasa lake na wakufunzi wawili, akahitimu tarehe 12 Julai 2002, akabaki huko kama msaidizi wa utafiti wa mimea hadi mwaka 2008.

Katikati ya masomo, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, alifunga ndoa na Bahizi, aliyeketi hapa mbele, mzaliwa wa Goma, muuza vioo vya madirisha, na mama mkwe wake, ambaye ni Mwislamu, alikaa benchi la kwanza kanisani na mtandio wake mweupe, akaimba hata nyimbo asizozijua. Namna walivyokutana inajulikana na wengi, lakini Karagwe hawaijui, Dative alikwenda kununua kioo cha meza, akakirudisha, akapewa kingine, akakirudisha, na cha tatu akakirudisha, hadi Bahizi akamwambia, "Ee mama, hii kioo iko muzuri kabisa, unataka nini tena, nikuletee ya mbinguni?", Dative akasema, "Nataka kisicho na povu ndani," naye Bahizi akakinyanyua kwenye jua, akatafuta sana, akaliona lile povu, dogo kama kichwa cha sindano, akamgeukia rafiki yake akasema, "Bon, mutu anaona povu kama hii, donc makosa yangu ataona yote siku ya kwanza." Akamwoa hivyo hivyo. Mungu akawajalia watoto wawili, Keza, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2001, ambaye leo ni mfamasia, na Cedric, aliyezaliwa tarehe 7 Julai 2005, ambaye bado anasoma.

Jumatatu tarehe 12 Mei 2008 marehemu alifungua Maabara ya Mimea ya Nengo, katika vyumba viwili vya nyumba yake, kwa kazi moja tu, kutenganisha vitu vilivyomo ndani ya jani la umuravumba hadi ajue ni kipi kati yao kinachofanya kazi. Wengi mmekuwa mkisema Dative alikuwa akitengeneza dawa, hakutengeneza dawa hata siku moja, na kwa kuwa nimeshika kipaza sauti nitawaeleza alichokuwa akifanya, kama alivyonieleza mimi, kwa mfano wa mpaka wetu pale Petite Barrière. Asubuhi watu mia wanaingia pamoja upande huu, wote mbio, lakini mwenye mikono mitupu anapita, mwenye kapu la vitunguu anasimamishwa kidogo, mwenye magunia ya maharage anashikwa hadi jua linapanda, kwa hiyo walioanza pamoja wanatokea Goma mafungu mafungu, kila fungu na saa yake. Basi chukua bomba la kioo, lijaze unga mweupe wa silika, huo unga ndio maofisa wa mpaka, mimina juu maji ya majani yaliyolowekwa, hao ndio abiria, kisha mimina kiyeyushi, yaani kile kimiminika kikali kinachoyeyusha majani na kuwasukuma abiria kushuka, nawe ukae chini na vichupa vyako ukipokea tone baada ya tone, kichupa cha tatu kitakuwa na kitu hiki, cha ishirini kitakuwa na kile, na vilivyokuwa vimechanganyika ndani ya jani tangu Mungu aumbe jani, sasa kila kimoja kiko peke yake. Hiyo inaitwa kromatografia. Inataka uvumilivu ambao mimi sikuzaliwa nao, niliwahi kumwona akikaa saa kumi na moja mfululizo kwenye kigoda kimoja, akibadilisha vichupa.

Baadaye alipata mashine inayofanya kazi hiyo hiyo kwa pampu yenye nguvu, iliyotumika kwingine ikachakaa, ikafika kutoka Kampala tarehe 4 Novemba 2009 pampu ikiwa imekufa, na kitabu chake kilikuwa cha Kijerumani, nikasoma picha, nikaifungua mara kumi na nne, Machi 2010 ikawaka. Mashine hiyo inachora mstari kwenye karatasi, kila kitu kinapotoka bombani mstari unapanda na kushuka kama mlima, navyo vilima hivyo waliviita vilele, jani la umuravumba lilikuwa na vilele kumi vinavyoonekana vizuri.

Hapa ndipo ilipo ile nafasi. Ameandika, "Tarehe 9 Februari 2011, Jumatano," kisha mistari sita mitupu. Naivuka kwa sasa, nitairudia kabla sijashuka hapa, mniamini.

Mwezi uliofuata, Machi 2011, kikatokea kilele cha kumi na moja. Kilikuwa kirefu, kimechongoka, kimesimama peke yake mwishoni mwa karatasi kama mlima Karisimbi asubuhi isiyo na mawingu, na kilikuwepo kwenye majani ya Bugeshi, kwenye majani ya Rubona, hata kwenye majani yaliyotumwa kutoka Karagwe, na hakuna kitabu kilichokitaja. Marehemu alikifuata miaka miwili na nusu, akakikusanya kidogo kidogo, akakipa jina, bugeshini, kwa heshima ya kule alikochuma majani mengi zaidi, na tarehe 21 Novemba 2013 alisimama kwenye mkutano wa wataalamu Kigali akakitangaza, watu wakapiga makofi, redio ikamhoji, barua ikaja kutoka chuo cha Ulaya, na huku kwetu mzee Kimenyi wa Bugeshi akang'oa viazi kwenye nusu ya shamba lake akapanda umuravumba, kwa sababu jina la kwao lilikuwa limeingia redioni. Mimi nilitembea Rubona kifua mbele kwa miezi sita.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2014, akijiandaa kutuma sampuli Ulaya, marehemu alifanya jaribio ambalo wataalamu wanaliita jaribio tupu, yaani aliwasha mashine akapitisha kiyeyushi peke yake, bila jani, bila chochote, ambapo karatasi inatakiwa itoke na mstari ulionyooka kama meza. Ulinyooka, ulinyooka, ulinyooka, na mwishoni kabisa, mahali pake pa siku zote, kikasimama kilele cha kumi na moja. Hakikuwa ndani ya jani. Kilikuwa ndani ya kiyeyushi, na kiyeyushi kilikuwa kimekitoa kwenye plastiki, kwa sababu kilikuwa kikihifadhiwa kwenye jerikani ya njano na kuvutwa kwa mpira laini, na zile kemikali za kulainisha mpira zilikuwa zinayeyuka humo kila siku. Dada yetu alikuwa ameitangazia dunia mpira wa jerikani.

Sasa msikilize alichofanya, maana hii ndiyo sehemu waliyotaka niiruke. Angeweza kunyamaza. Sampuli ilikuwa haijatumwa, hakuna aliyejua, Bahizi mwenyewe alimwambia, "Mama Keza, acha ikae vile, watu watasahau," na kwa hilo sikulaumu shemeji, ulikuwa unamhurumia. Tarehe 16 Juni 2014 alikwenda Kigali, akaomba dakika tano mbele ya wataalamu wale wale, akasema kilele cha kumi na moja ni plastiki, kosa ni langu, nilipaswa kufanya jaribio tupu siku ya kwanza na sikufanya, akashuka, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Tarehe 18 alipanda Bugeshi kwa mguu, akamkuta mzee Kimenyi katikati ya umuravumba wake, akamweleza yote, mzee akaegemea jembe, akamuuliza, "Kwa hiyo mwalimu, mimi nimelima plastiki?", naye akamjibu, "Hapana mzee, wewe umelima umuravumba, plastiki ni yangu mimi." Kisha akavua viatu, akaingia shambani, Jumamosi tatu mfululizo alikuwa kule juu kwenye baridi, aking'oa na kupanda viazi pamoja naye, mzee Kimenyi yuko pale nyuma na anaweza kunisahihisha kama nimeongeza hata tuta moja.

Mjini alibandikwa jina, Mama Plastiki. Wale akina mama wanaovusha bidhaa walimwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Plastiki! Kuya huku, iko masahani mupya, kuya uvumbue!", naye alivuka, akachagua sahani mbili, akauliza kuna za rangi gani nyingine, akalipa, akaenda zake. Mimi ndiye niliyeshindwa. Bwana Gad, uko wapi, Agosti 2014 pale kituo cha Rubona uliniuliza kama dada yangu ameshavumbua beseni, nikakupiga ngumi ya mdomo, ukapoteza jino, leo nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na punde nitakueleza kwa nini ngumi ile haikuwa yako.

Tarehe 1 Julai 2014 alianza upya, kutoka sifuri, kwa kioo peke yake. Nchi yetu ilikuwa imekataza mifuko ya plastiki, yeye alikataza kila kitu cha plastiki, ndoo, funeli, vifuniko, kalamu, aliyekuja na kandambili alizivua kwenye kizingiti akaingia peku, hata mkuu wa wilaya mmoja aliyekuja na msafara wake aliacha chupa yake ya maji mlangoni. Bahizi alisafiri Kampala mara saba kuleta vyombo vya kioo, akiwa amevipakata kwenye basi kama mtoto mchanga, akisema, "Mi nimeuza kioo miaka makumi mbili, leo ndio kioo inanituma." Na kila asubuhi, kabla ya jani lolote, jaribio tupu, mstari ulionyooka, saini, tarehe, ndipo kazi ianze, kwa miaka mitano, mabomba arobaini na moja ya unga mweupe, kilo mia mbili na kumi na nne za majani yaliyokaushwa kivulini. Mwaka wa pili fedha za wafadhili zilikatika, akafundisha kemia mchana ili anunue silika, mwaka wa tatu umeme uliunguza taa ya mashine, akarudi kwenye bomba la mkono na kigoda chake hadi taa nyingine ilipopatikana, na nilipomwambia, dada, acha, umeshalipa, alinitazama akasema, "Silipi. Natafuta."

Jumanne tarehe 3 Septemba 2019, saa nne asubuhi, kwenye kichupa cha ishirini na sita kulikuwa na sindano ndogo nyeupe, nyembamba kuliko nywele, miligramu kumi na nane kwa jumla, akazipitisha kwenye mashine, kikatoka kilele kimoja, safi, na jaribio tupu la asubuhi ile halikuwa nacho. Zilipopimwa zikawa ni kitu ambacho wataalamu wengine walikwisha kukipata kwenye umuravumba zamani, kabla yeye hajamaliza hata sekondari. Nilikasirika kwa niaba yake, nikasema miaka mitano yote kwa kitu ambacho kiko vitabuni. Yeye alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Ngoga, huelewi, wao wamekipata kwao na mimi nimekipata Nengo, na ni kile kile. Kwa hiyo kipo." Alikwenda kaburini kwa mama jioni hiyo hiyo, alichomwambia hakukiandika, hapo amepiga mstari.

Tangu hapo alifundisha. Mafundi sitini na watatu wamepita kwenye vyumba vile viwili, wengine wako hospitalini, wengine viwandani, wengine mpakani wakipima vyakula, na wote wanajua kuanza na tupu, na kila mwaka siku ya kwanza aliwaonyesha karatasi ya kilele cha kumi na moja, aliyoitia kwenye fremu ya kioo ukutani, akawaambia, huyu ni mimi.

Ugonjwa ulianza Aprili mwaka huu 2023 kwa maumivu ya mgongo, na tarehe 19 Juni madaktari wa Kigali walisema ni saratani ya kongosho, imeshasambaa. Aliuliza wamejuaje, akaomba kuona picha, akaomba kuona vipimo, aliporidhika akasema asante, akaomba arudishwe nyumbani. Alitembea hadi Agosti, aliandika hadi Septemba, na Jumapili tarehe 12 Novemba aliniita, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Pampu inavuja?", nikasema haivuji, akasema, "Ngoga." Nikasema inavuja kidogo. Akasema, "Kaifunge." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nane mchana, nyumbani Nengo, mkono wake mmoja ukiwa kwa Bahizi na mwingine kwa Keza, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne na miezi sita.

Sasa narudi kwenye ile nafasi, na ndugu wa kikao cha jana nisikilizeni vizuri, mliposema ni aibu ya marehemu mlikosea mwenye aibu, na hamkuwa na namna ya kujua.

Tarehe 9 Februari 2011, Jumatano, mimi Ngoga nilikuwa natoka Rubona kwa basi, na chupa kubwa ya kioo ya lita ishirini, ambayo dada aliiagiza kwa ajili ya kuhifadhi kiyeyushi, kwa sababu kazi yangu, ambayo wengi hamkuijua, ilikuwa kukichemsha kiyeyushi kilichotumika, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na kukikusanya tena kikiwa safi. Konda aliniambia, "We mzee, bilauri yako hiyo iende kule nyuma," nikamjibu maneno yasiyofaa kaburini, naye akanijibu, nikaibamiza chini kwa hasira, ikapasuka. Badala ya kwenda kumwambia dada, nilinunua jerikani ya njano na mita mbili za mpira laini, nikaviweka kibandani, nikawa namletea kiyeyushi chake ndani ya vile vichupa vyake vidogo vya kioo kama siku zote, naye hakuwa na sababu ya kuuliza. Tarehe 6 Juni 2014 aliingia kibandani na ile karatasi mkononi, akaushika mpira, nilioununua ukiwa mlaini kama utumbo wa mbuzi, ukakatika mkononi mwake kama kijiti kikavu, ulaini wake wote ulikuwa umekwisha kuwa bugeshini. Aliniuliza, "Tangu lini?", na mimi, ninayejisifu kila kona kwamba nasema wazi, nilimfokea, nikamwambia mtu mwenye masomo yote hayo angenunua chupa mbili. Akatoka na kile kipande cha mpira. Baada ya siku kumi alisimama Kigali akasema kosa ni langu, akapanda Bugeshi akasema plastiki ni yangu, miaka tisa akaitwa jina lile sokoni, na jina langu hakulitaja, si kwa Kimenyi, si kwa wanafunzi, si kwa mumewe, ndiyo shemeji, hata kwako. Na kwangu hakulirudia, ila mwishoni mwa mwezi wa tisa alinikabidhi daftari hili, akaniambia, "Utasoma wewe," na nilipolifungua nikaikuta tarehe, na mistari sita ambayo hakuipigia kalamu.

Hakuniamuru. Aliniachia nafasi. Gad, ngumi ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigali na wa hapa Gisenyi, ambao hawakumficha kitu kwa sababu aliwakataza, tunawashukuru majirani wa Nengo mlioleta uji kila asubuhi kwenye mabakuli ya udongo mkijua sheria zake, tunawashukuru mafundi sitini na watatu, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Rubona, mchungaji, ndugu wa Goma na wa Karagwe, na mzee Kimenyi aliyeshusha gunia la viazi kutoka lile shamba kwa ajili ya chakula cha leo, mtakula vyote.

Usiku uliopita niliijaza ile mistari sita kwa mwandiko wangu mbaya, nimetia saini, tarehe 18 Novemba 2023, Keza ametia saini kama shahidi kwa sababu bila shahidi ukurasa hauhesabiki, na kipande kilichobaki chini nimekipigia mstari, kutoka kona hadi kona. Pampu niliifunga Alhamisi, dada, nimeijaribu mara tatu, tupu, haivuji, na safari hii sikudanganyi. Pumzika, Dative, kwa amani.